Bwana Harusi wa Kayaba

Ukitaka kujua kama baridi ya Julai imeingia Mowlem, usijisumbue na kalenda. Mtazame Roseline Aluoch. Siku utakayomwona na sweta mbili, soksi za mumewe, na ile kofia ya sufu ambayo binti yake Whitney aliisahau alipoenda kuolewa Kisumu, basi ujue jua limefunga virago limeenda kwao, na halitaonekana mpaka Agosti iishe. Nairobi nzima inageuka rangi ya jivu la jiko la jana. Nguo zinakaa kambani mpaka zinasahau mwenyewe ni nani. Watu wenye akili zao hufunga madirisha, wakajifunika blanketi, wakailaani serikali wakiwa wamelala. Roseline yeye huamka kabla ya majogoo wa Umoja, akafungua dirisha la jikoni, akavuta kiti, akakaa kutazama ndege.

Mumewe, Mzee Zedekiah Oketch, alishakata tamaa naye.

"Mama Whitney," humwuliza kutoka sebuleni, gazeti limemfunika uso, "hao ndege wako wamesemaje leo? Unga utashuka?"

"Wamesema wanaume waliostaafu wanaweza kuosha vikombe."

Gazeti hupanda juu zaidi.

Ugonjwa huu Roseline hakuupata Mowlem. Alikuja nao kutoka Makongeni, kwenye nyumba za reli, alikoishi tangu alipotolewa Alego akiwa bibi harusi mwembamba. Huko kulikuwa na miti, na akina mama walichagua mboga nje huku ndege wakiruka miguuni. Alilea watoto huko, akauza maandazi huko, na hakuna aliyemwita mwehu kwa kujua ni ndege gani analia. Zedekiah alipostaafu, wakahamia Mowlem, nyumba ya ghorofa ya chini, na watu wakampongeza. Choo ndani! Stima ya tokeni! Hakuna aliyemwambia kwamba akifungua dirisha la mbele ataona ukuta wa ghorofa ya jirani, karibu kiasi kwamba mtu akipiga chafya huko unamjibu "afya" bila kuinua sauti.

Kilichomwokoa ni nyuma. Nyuma ya jikoni pana kiuchochoro cha kamba za nguo na tangi la maji, na katikati, kati ya ploti yao na ploti ya pili ya mwenye nyumba yuleyule, kumebaki kipande cha ua wa kayaba. Ni masalio ya siku zile Mowlem ilipokuwa shamba, kabla wenyewe hawajagundua kwamba ghorofa huota haraka kuliko mahindi. Ua wenyewe ni mfupi, wa miiba, na umejaa karatasi za chipsi. Lakini ndege hawajali karatasi za chipsi.

Kutoka kiti chake Roseline aliwajua wote na tabia zao. Shomoro walikuwa wapangaji sugu: wanakuja bila kuitwa, wanazaa bila mpango, wanapigana juu ya makombo kama wanagawana urithi. Kunguru, na ile fulana yake nyeupe, alitembea kama askari wa kanjo anayetafuta wa kumkamata. Mwewe alizunguka juu akingoja mtoto yeyote atumwe nyama. Na ng'ambo, juu ya taa za barabarani, korongo marabou walisimama wameinamisha vichwa, vipara vitupu, mfano halisi wa wastaafu wanaongoja pensheni. Hili la mwisho Roseline alikuwa akilisema kwa sauti, ili lifike sebuleni.

Lakini mpenzi wake alikuwa mmoja. Ndege mdogo wa kijivu, kifua rangi ya chungwa, na mstari mweupe juu ya jicho kama amechorwa nyusi kwenda harusini. Waliosoma vitabu vya ndege wanamwita kurumbiza. Roseline hakuvisoma, alimwita Bwana Harusi. Asubuhi ya baridi, wakati hata jogoo anaona heri anyamaze, Bwana Harusi alipanda kwenye ncha ya kayaba akaimba. Aliimba wimbo wake, akaongeza wa jirani, akamalizia kwa kuiga mluzi wa muuza maziwa. Na mkewe alivaa vilevile, nyusi zilezile, ila huyo hakuwa na wakati wa kuimba.

Sasa ilikuwa hivi. Mwaka jana kanisani kulikuwa na mavuno. Kila mtu alileta alichonacho: kuku, maboga, mkungu wa ndizi, na baadaye vikapigwa mnada mbele ya madhabahu, kama ada. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha watalii hakuwa na kuku. Akaleta darubini. Wakati mnadi anaitangaza darubini, Zedekiah, ambaye hakuwa akisikiliza kitu, alimwona rafiki yake wa reli mlango wa nyuma. Akamwinulia mkono kumsalimu.

"Imeenda kwa Mzee Oketch!"

Zedekiah alijaribu kueleza. Lakini mnada wa kanisani hauna msamaha; msamaha ni wa dhambi. Akarudi nyumbani na darubini kwa bei ya mbuzi mzima, akaijaribu dirisha la mbele, akaliona tofali moja vizuri sana, akaitupa juu ya kabati. Roseline akaiteremsha siku hiyohiyo.

Basi Julai hii, baridi imeshika kwelikweli, Roseline akamwona Bibi Harusi amebeba nyasi kavu mdomoni. Anaingia nazo ndani ya kayaba, anatoka mtupu. Akaweka darubini machoni. Kiota! Chini chini, usawa wa kitovu cha mtu mzima, mahali ambapo miiba imefungana. Roseline alifurahi mpaka uji ukaungua. Kuanzia siku hiyo hakuhama dirishani. Alimwona mama akiatamia, baba akileta wadudu, na siku moja akaona vinywa, vinywa viwili vya njano vimefunguka kuelekea angani kama watoto wa shule wakati wa githeri.

Shida ilikuwa mfereji.

Upande wa pili wa kayaba, hatua moja kutoka kwenye kiota, ndipo penye mfereji, bomba la maji la ile ploti nyingine. Na kwenye mfereji huo, kila alfajiri, alikuja kunawa Gachanja, fundi wa kuchomelea vyuma, anayeitwa Baba Sydney. Bafu alikuwa nalo ndani. Lakini Gachanja alikuwa na imani kwamba maji baridi ya nje hukaza mifupa, kwa hiyo alitoka na suruali na taulo begani, kifua wazi, akajimwagia karai baada ya karai huku akihema kama treni ya mizigo.

Kwa Roseline, huyu alikuwa mtu aliyesimama mbele ya televisheni. Bibi Harusi alikuwa anafika na mdudu mdomoni, anamwona Gachanja, anaghairi. Vinywa vinangoja. Gachanja anasugua kwapa. Roseline, darubini mkono mmoja, alikuwa akimpungia kwa mkono wa pili: toka, toka hapo, mtu wa Mungu, toka!

Sasa jiweke mahali pa Gachanja. Wewe ni mwanaume umri umeenda kidogo, kitambi kimeanza kubisha hodi, mkeo hajakutazama vizuri tangu uchaguzi uliopita. Unainua macho ukiwa na sabuni usoni, unaona mama mzima dirishani, amekuelekezea darubini, anakupungia mkono. Utafanya nini?

Gachanja alipunga naye.

Kesho yake alikuja na taulo jipya. Keshokutwa akawa amejipaka mafuta kabla ya kunawa, jambo ambalo halijawahi kuonekana duniani. Wiki ilipoisha alikuwa anapiga presapu kwenye simiti, palepale kando ya kiota, akihesabu kwa sauti na kuruka namba anazoziona ndefu. Roseline alikuwa akitafuna ukosi wa sweta kwa hasira.

Mke wa Gachanja ni Lydiah, Mama Sydney, anauza mitumba Gikomba. Ni mama mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Kawaida alikuwa ametoka alfajiri, lakini baridi ile ilimfanya akawie. Kwanza akashangaa mafuta yanakwenda wapi. Halafu akashangaa mumewe anaamka kabla ya saa akiimba. Asubuhi moja akamfuata nyuma polepole, na alichokiona ndicho wewe na mimi tungekiona: mumewe chini anapiga presapu, na ng'ambo ya kayaba Mama Whitney na darubini, mkono unapunga.

"Mama Whitney!"

"Mama Sydney. Umeamkaje?"

"Nimeamka na macho mawili. Wewe naona umeamka na manne."

"Ah, hii ni ya mzee tu, ya kanisani."

"Kanisani siku hizi mnaangalia waume za watu na darubini?"

"Simwangalii mtu, Mama Sydney."

"Unaangalia nini basi? Mfereji? Kwenu haukuwepo?"

Hapo Roseline angesema. Maneno yalikuwa ulimini. Lakini watoto wa ploti zote mbili walikuwa wamesimama kwa mlango wanasikiliza, wengine na manati shingoni kabisa, na kutaja kiota mbele yao ni sawa na kuwapa mwaliko wa sherehe. Kwa hivyo akafunga dirisha.

Kufunga dirisha! Kama kuna njia nzuri zaidi ya kukiri kosa ambalo hukufanya, bado haijavumbuliwa.

Siku mbili baadaye Kimeu, kijana anayesimamia ploti zote mbili, alipita akigonga milango na chuma.

"Watu wangu, mambo! Jumatatu kayaba inatoka, tunaweka mabati. Marefu. Baba Sydney atachomelea, bure kabisa, Mama Sydney amesema."

Roseline akatoka mbio, unga mikononi. "Kimeu, hiyo kayaba imekukosea nini?"

"Ni sekiuriti, mathe. Wezi wanajificha hapo."

"Mwizi gani anajificha kwenye miiba? Amechoka na maisha?"

"Mathe, mimi natumwa tu." Akapunguza sauti. "Na wewe pia, mathe, punguza. Baba Sydney si mtu wa kuangalia hivyo. Ana pumu."

Roseline alirudi jikoni akakaa. Wale watoto wa ndege walikuwa bado uchi, ngozi tupu na vinyweleo. Wangehitaji wiki mbili hivi ndipo wapate manyoya ya kuwabeba. Jumatatu haikuwa wiki mbili. Jumatatu ilikuwa panga, moto wa kuchomea matawi, na kwaheri.

"Waambie ukweli," Zedekiah alisema, safari hii gazeti likiwa magotini. "Jumamosi mna kikao. Waambie ni ndege."

"Watanicheka."

"Hakuna mtu mzima aliyekufa kwa kuchekwa. Mimi nilinunua darubini mbele ya kanisa zima, na unaniona niko hapa."

Kikao chenyewe ni cha akina mama wa ploti zote mbili. Wanakutana Jumamosi, nyumba kwa nyumba, wanaimba, wanaomba, wanakunywa chai. Na wana sheria moja waliyoiweka wenyewe, wakaja kuijutia: wawili wakiwa na neno kati yao, chai haimiminwi mpaka neno limalizwe. Thamosi inakaa mezani imefungwa, kila mtu akiitazama. Wakati wa Desemba ni sheria nzuri ya Kikristo. Wakati wa Julai ni mateso.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya Mama Celine, mwenyekiti, mama mnene mwenye sauti ya kipaza. Maandazi yalikuwa moto. Thamosi zilikuwa zimesimama. Na Roseline, ambaye kwa kawaida ndiye huongoza maombi, safari hii aliambiwa akae kwanza.

"Kuna neno," alisema Mama Celine, macho kwenye thamosi. "Na baridi ni hii. Tusiende mbali. Mama Sydney?"

Lydiah akaeleza. Darubini, taulo, mkono unapunga, dirisha linafungwa. Alieleza vizuri, na pale palipopungua kidogo alijaza. Ilipofika kwenye mafuta, akina mama walishika vifua.

"Mama Whitney?"

Roseline akasimama. Akasema yote. Ndege wa kijivu, nyusi nyeupe, kiota, vinywa viwili, na Baba Sydney anayesimama njiani. Alipomaliza, kona moja mtu akapasuka kicheko, wa pili akamfuata, na nyumba nzima ikaangua.

"Ndege!" mmoja alisema akijifuta machozi. "Jamani, Mama Whitney, si ungesema tu ulikuwa unaangalia mawingu!"

Lydiah peke yake hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini si kuwa mpole.

"Yaani," alisema polepole, "wiki zote hizo. Mume wangu yuko hapo, kifua wazi. Na wewe unaangalia ndege."

"Ndiyo, Mama Sydney. Nakuapia."

"Hukumwona kabisa?"

"Nilimwona. Alikuwa ananizibia."

"Ananizibia!" Lydiah aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Ananizibia! Baba wa watoto wangu ni pazia!"

Ijulikane kwamba Gachanja alikuwepo. Tangu asubuhi alikuwa amejipa kazi ya kutengeneza bawaba za mlango wa Mama Celine, mlango ambao haukuwa na tatizo lolote. Sasa akaingia, nyundo mkononi, uso umemshuka mpaka huruma.

"Mama Whitney. Sema ukweli mbele ya Mungu. Ulikuwa unaangalia ndege?"

"Ndege, Baba Sydney."

"Hata ile siku ya presapu?"

"Siku hiyo hasa ndiyo sikuona kitu."

Akina mama wakacheka tena, na safari hii wakimtazama yeye. Gachanja alisimama pale kama tairi linalotoka pumzi. Mabega yakashuka, kitambi kikarudi kwenye makazi yake. Mtu angeapa amezeeka mbele ya macho yao. Lydiah akamwona. Nini kilimpata mama huyo sijui. Labda ni miaka mingi, labda ni mapenzi ambayo hata yeye hakujua bado anayo. Alisimama kwa hasira mpya, mara mbili ya ile ya kwanza.

"Huyu ni mwanaume mzima! Nani amekwambia unaweza kuja hapa kumlinganisha na kitu kinachokula mende? Kimeu! Kimeu yuko wapi?"

Kimeu alikuwa mlangoni, amefuata harufu ya maandazi.

"Hakuna kungoja Jumatatu. Chukua panga. Ing'oe hiyo kayaba sasa hivi, tuone ndege ataangaliwa wapi!"

"Sasa hivi, Mama Sydney? Si chai kwanza..."

"Sasa hivi!"

Kimeu akashika njia. Kupitia mlango ulio wazi Roseline aliisikia sauti ya panga likivutwa kutoka chini ya tangi, chuma juu ya simiti.

Fikiria alichokuwa nacho Roseline wakati huo. Hakuwa na mali. Alikuwa na jina. Miaka yote ile, Makongeni na Mowlem, yeye ndiye alikuwa akiitwa kukiwa na msiba, yeye ndiye aliyeshika funguo za vyombo vya kikundi, yeye ndiye aliyefungua maombi. Hakuna aliyewahi kusema Roseline Aluoch ameangalia hata kivuli cha mume wa mtu. Jina hilo alilikunja kama kitambaa cha Jumapili. Na sasa akaona wazi, kama kwa ile darubini, kwamba ukweli ndio uliokuwa umeliita panga, na kwamba kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho nyumba ile ilitaka kukisikia.

"Simama, Kimeu," alisema.

Panga likasimama.

"Nimedanganya. Hakuna ndege. Nilikuwa namwangalia Baba Sydney."

Ungesikia maandazi yakipoa.

"Roho Mtakatifu ametembea," alinong'ona Mama Celine.

Gachanja aliinua kichwa. Lydiah akakaa chini taratibu, akanyoosha leso juu ya magoti. "Nilijua," alisema. "Nilijua mimi. Ulikuwa unaangalia nini hasa?"

"Mama Sydney, si inatosha..."

"Toba nusu si toba. Sema."

"Mabega," alisema Roseline, macho sakafuni.

"Mabega tu?"

"Na kifua."

"Aaa!" Lydiah aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kama mtu anayeonyesha gari jipya. "Na bado kuna watu hapa walikuwa wanacheka."

Kitambi cha Gachanja kilikuwa kimepotea tena. Alibadilisha nyundo kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila sababu.

Lakini Roseline hakuwa ametoa jina lake bure. "Nina ombi," alisema. "Mimi nimekosa, nataka kutubu. Lakini mkiweka mabati leo, mtajuaje kama nimetubu? Watu watasema ni mabati yalimzuia, si maombi. Acheni kayaba mpaka mwisho wa mwezi. Nijaribiwe. Nikishinda, mng'oe, mweke mabati mpaka mbinguni."

Mama Celine alifumba macho. Hoja ya kiroho ilimwingia vizuri, na thamosi ilikuwa karibu. "Ni neno zuri. Ajaribiwe. Lakini darubini niletewe mimi. Na pazia la jikoni lifungwe, lisifunguliwe. Na maombi ataongoza mwingine kwanza. Baba Sydney, wewe unaonaje?"

"Mimi?" Gachanja alikohoa. "Mimi nitaendelea kunawa tu kama kawaida. Ili ajaribiwe vizuri."

Chai ikamiminwa. Kimeu alipata kikombe cha kwanza, panga likiwa bado kwapani.

Roseline alipofika nyumbani, habari ilikuwa imeshamtangulia na kuvua viatu.

"Nasikia unampenda fundi," alisema Zedekiah.

"Nani amekwambia?"

"Uliza ambaye hajaniambia." Alikunja gazeti mara mbili, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kufanya. "Mama Whitney, ndege wawili?"

"Wawili."

"Na kuna mtu amenipa pole kwa ngazi. Pole! Kama nimefiwa." Akatikisa kichwa. "Ungechagua hata mwenye meno yote, heshima yangu ingebaki kidogo."

Roseline alitaka kucheka, akalia badala yake. Akachukua darubini, akaipeleka kwa Mama Celine bila kuvaa kofia. Akarudi akafunga pazia la jikoni.

Hilo ndilo hakuwa amelipima. Kuwaokoa alikuwa amewaokoa. Kuwaona, basi. Asubuhi alikaa kwenye kiti kilekile, akitazama maua ya pazia, akisikiliza. Alimsikia Bwana Harusi akiimba. Alisikia karai la Gachanja, ambaye sasa alinawa kwa muda mrefu kuliko maiti. Na kila siku Lydiah alipita nje, akikohoa kuonyesha analinda mali yake. Iwapo vile vinywa viwili vilikuwa bado vinafunguka, au kunguru ameshafanya ukaguzi, Roseline hakuwa na njia ya kujua.

Siku ya tatu alisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Zedekiah, makoti mawili mwilini, alitoka na stuli na gazeti lake, akakaa chini ya dirisha la jikoni, uso kwa kayaba.

"Mzee Oketch," Gachanja alisema kutoka kwenye povu lake, kwa heshima ya mshindi, "umekuja kuchunga?"

"Nimekuja kusoma gazeti, kijana. Wewe oga."

Kisha, kutoka nyuma ya gazeti, kwa sauti ya chini iliyopenya pazia: "Mmoja ameingia. Ana kitu mdomoni."

"Wa aina gani?" Roseline alinong'ona.

"Ndege."

"Baba Whitney, ndege gani? Ana nyusi?"

"Mama, sijamwangalia nyusi. Mimi si mtu wa kuangalia nyusi za watu, hiyo ni tabia yako." Gazeti likachakarika. "Anazo."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mzee ambaye maisha yake yote hakuwahi kutofautisha shomoro na njiwa alikaa kwenye baridi ile, kamasi zikimtoka, akisoma ukurasa uleule wa gazeti la wiki iliyopita. Waliopita walimwonea huruma. Mume wa watu, walisema, amekuja kulinda ndoa yake. Alikubali pole zao zote. Aliripoti mengi ya ajabu: siku moja alidai kiota kimeingiwa na panya, kumbe ni Bibi Harusi ametoka kwa miguu. Siku nyingine kunguru alitua juu ya kayaba, na Zedekiah akamrushia kiatu, na kiatu kikaingia kwenye karai la Gachanja, naye akakirudisha kwa mikono miwili akidhani ni wivu.

Wiki ya mwisho ya mwezi, asubuhi moja yenye manyunyu, gazeti lilikaa kimya muda mrefu mno.

"Baba Whitney?"

"Ngoja."

"Kuna nini?"

"Kuna mmoja yuko chini. Kwenye matope, karibu na ndoo. Ameanguka." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Lakini huyu si wao. Hana kifua cha chungwa. Ana madoadoa kama chui."

Roseline alishika pazia kwa mikono miwili, akajizuia. "Ni wao! Watoto wao ndivyo walivyo. Anafanya nini?"

"Anaruka. Si vizuri, lakini anaruka. Yuko kwenye kamba ya nguo sasa. Mama, yuko juu ya suruali yangu!" Stuli ililia. Alikuwa amesimama. "Wa pili naye. Wa pili huyo hapo! Mama yao anawaita kutoka kwa tangi. Wamepita... wamepita ukuta. Wameenda."

"Wote?"

"Wote. Kiota kitupu."

Roseline alikaa, kichwa kimeegemea ukuta baridi wa jikoni, akitabasamu mbele ya maua ya pazia kama mtu aliyerukwa na akili.

"Na Baba Sydney?" aliuliza mwishowe.

"Huyo bado anaoga."

"Mwambie Kimeu anaweza kuleta panga," alisema, akainuka kwenda kukoroga uji. "Na wewe ingia ndani, utakufa na hiyo baridi, halafu nibaki na nani, na fundi?"